Uongo Nyuma ya Picha

Mimi nalipwa kukamata makosa. Kule Plymouth, jimbo la Minnesota, kwenye kampuni inayotengeneza vifaa vya hospitali, kazi yangu siku tano za wiki ni kusoma lebo za maboksi kabla hayajatoka mlangoni, na lebo ikikosewa kidogo tu, boksi linarudi lilikotoka. Nimeshawatoa jasho wanaume wazima kwa sababu ya nukta. Kwa hiyo mkisikia kwamba Jumamosi yangu moja niliitumia kuandika lebo za uongo, kwa makusudi, kwa penseli nzuri ya hifadhi, nikishirikiana na bibi kizee wa miaka themanini, msinihukumu haraka. Ngojeni kwanza.

Hifadhi yenyewe ilikuwa Saint Paul, kwenye chumba cha chini cha jengo lililokuwa shule zamani. Watu wa jamii mbalimbali walileta picha na barua za wazee wao. Sisi wa kujitolea tulizipiga skana, tukazitia kwenye bahasha maalumu zisizoharibu karatasi, na nyuma ya kila picha tukaandika kwa penseli laini: nani, wapi, lini. Nilijiunga kwa sababu ya baridi, hapo nisidanganye. Januari na Februari za kule, ukikaa ndani peke yako Jumamosi nzima unaanza kuongea na friji. Mkuu wa hifadhi alikuwa mama mmoja mstaafu wa maktaba, mzaliwa wa hapo hapo, mpole wa kutisha. Hakuwahi kumkemea mtu. Kitu kikimchukiza alisema tu, "Hiyo ni tofauti," na mtu wa Minnesota akikwambia kitu chako ni tofauti, kakifiche haraka.

Bibi alikuja Jumamosi moja ya Februari, theluji imemjaa mabegani, amekumbatia kopo la bati la biskuti. Alikuwa Mwosage, mmoja wa wenyeji wa asili wa Amerika, na hilo alilisema kabla hata ya kuvua koti, kwa sababu kwenye miji ile mwenye sura kama yake wanamwita Mojibwe au Mdakota bila kumuuliza. "Ni majirani wazuri," alisema, "lakini si mimi. Kwetu ni Oklahoma." Alikuja kaskazini akiwa nesi kijana, akaolewa, akazeeka hapo, akafiwa na mumewe. Akakaa mbele yangu, akafungua kopo. Ndani kulikuwa na picha za ukoo wake, nyingine za miaka ya elfu moja mia tisa na kitu, wanaume wamejifunika mablanketi begani na kofia nzuri kichwani, wanawake wamekaa wima, na magari makubwa ambayo hata leo ungegeuka kuyaangalia.

Nikachukua fomu yangu. "Huyu ni nani?"

"Sijui."

"Na huyu?"

"Labda shangazi."

Jamani! Jumamosi tatu nzima ikawa hivyo. Anakuja, anafungua kopo, ananiangalia ninavyoskani, nikiuliza anajibu neno moja, saa nane anafunga kopo anaondoka nalo. Baadaye aliniambia kwamba watu wenye fomu walishawahi kufika kwao zamani, na walipoondoka hawakuondoka na majina peke yake. Lakini wakati ule sikulijua hilo. Nilimwona mkaidi tu, nami nilianza kuchoka.

Jumamosi ya nne nikakuta picha ya mtu amevaa koti la kijeshi, lina vifungo viwili viwili hadi kifuani, nyuzi zinaning'inia mabegani, na kichwani kofia ndefu yenye manyoya juu. Sikuuliza. Nikasema moyoni, leo namaliza mwenyewe. Nikaandika nyuma ya nakala: "Mwanajeshi wa bendi, mwanamume, jina halijulikani."

Bibi akainama akasoma. Aliponyanyua uso nilidhani atanipiga na kopo.

"Mwanamume?" alisema. "Mwanamume! Huyo ni bibi yangu siku ya harusi yake!"

Ikawa kama bomba limepasuka. Nikaambiwa kwamba hapo kale wakubwa wao walizawadiwa makoti ya kijeshi, wanaume wakaona yanawabana, basi wakayafanya mavazi ya bibi harusi, na tangu hapo binti wa Kiosage anaolewa amevaa koti la afisa na kofia yenye manyoya, na watu wanalia kwa uzuri wake. Nikaambiwa koti hilo lilishonwa na nani, farasi walikuwa wangapi, nani alianguka kutoka kwenye farasi mbele ya wakwe. Nikaambiwa bibi harusi alikuwa na miaka mingapi na kwa nini hakutabasamu pichani. Niliandika hadi vidole vikafa ganzi, na nilipomaliza nilikuwa na kurasa tano, baada ya wiki tatu za "sijui" na "labda".

Nami nikakumbuka kundi la familia yetu kwenye simu. Uliza pale swali, "Jamani, babu alizaliwa mwaka gani?" Kimya. Watu arobaini wamesoma, hakuna hata mmoja anayejibu. Lakini andika kwamba babu alikuwa mfupi! Mashangazi watatoka Tabora, watatoka Mwanza, mmoja yuko hospitali na dripu mkononi, wote wanakusahihisha kwa mkupuo. Swali hujibiwa na mwenye nafasi. Kosa linajibiwa na kila mtu. Nikalihifadhi wazo hilo.

Jumamosi iliyofuata Bibi alinijia na tabasamu ambalo sikulielewa. Akamwambia mkuu wa hifadhi kwa sauti ya kusikika, "Leo nakaa tena na Mkenya wetu."

Mimi! Mkenya! Nikaweka penseli chini. Nikamweleza kwamba mimi ni Mtanzania, wa Tabora, Mnyamwezi wa Urambo, kwamba Kenya ni majirani wazuri na nina marafiki wa huko wengi tu, lakini si mimi. Nikamweleza Urambo iko wapi. Nikamchorea ramani nyuma ya fomu, nikaweka reli. Alinisikiliza kwa makini, akasema, "Aa, samahani, uzee huu." Wiki iliyofuata akanikaribisha, "Karibu, Mkenya. Hivi bibi yako kule Nairobi alikuwa akifanya kazi gani?"

"Bibi yangu hajawahi kuiona Nairobi! Alikuwa Urambo, alikuwa na cherehani, alishona sare za shule za kijiji kizima!"

"Samahani, mwanangu. Uzee huu."

Nikasema basi, kumbukumbu zimeanza kumtoka, nimvumilie. Nilikuwa nimeshaanza kumwita Bibi. Aliniuliza maana yake, nikamwambia ni mama wa mzazi, na kwamba kwetu bibi na mjukuu ni watani, wanaruhusiwa kuchokozana hadharani na hakuna wa kukasirika. Macho yakamng'aa. Tangu siku hiyo akakataa kuitwa kitu kingine.

Mwezi wa tatu ndipo aliponionyesha picha iliyomleta. Ilikuwa chini kabisa ya kopo, imefungwa peke yake kwenye leso. Mwanamke kijana amesimama mbele ya nyumba ya mbao, na amemshika mkono mtoto wa miaka miwili hivi, mwenye gauni jeupe refu la lesi na nywele zilizochanwa pembeni. Nyuma ya picha hapakuwa na hata alama.

"Mwanamke ni mama yangu," alisema. "Hapo mimi sijazaliwa bado, nimebakiza kama miaka minane. Mtoto simjui."

Halafu akasema lile lililokuwa likimsumbua. Mama yake hakuwahi kumtaja mtoto mwingine. Lakini miaka ile, mafuta yalipopatikana kwenye ardhi yao, watu wengi wa kwao walikufa vifo ambavyo wakubwa hawakupenda kuvisimulia mbele ya watoto, na kuna majina yaliachwa yapotee kwa sababu kuyataja kulikuwa kunauma. "Nataka kujua kama nilikuwa na dada," alisema. "Mwezi wa sita kwetu ni wakati wa ngoma, ukoo wote unakutana. Nataka kulirudisha kopo hili kabla sijafa, na sitaki nilirudishe na mtoto wa mama yangu hana jina."

Nikamuuliza kama kuna mtu aliyebaki wa kuulizwa.

"Yupo mmoja," alisema, na uso ukabadilika. "Binamu yangu. Mtoto wa dada mkubwa wa mama yangu. Ana miaka karibu tisini na hajaongea na mimi kwa miaka thelathini."

"Mtoto wa mama yako mkubwa? Kwetu huyo si binamu, ni kaka yako kabisa."

"Kwetu pia," alisema. "Kiingereza ndicho kinachotupunguza."

Sababu ya ugomvi ilikuwa hilo hilo kopo. Siku ya mazishi ya bibi yao, yule kaka alitoka nje kuwasindikiza wageni, aliporudi ndani kopo halipo. Bibi alikuwa ameshaliweka kwenye gari na ameshashika njia ya Minnesota. "Niliogopa litagawanywa, picha moja huku, nyingine kule," alijitetea, lakini kwa sauti ya mtu aliyejitetea hivyo mara nyingi peke yake. Kaka akamwita mwizi. Bibi akapiga simu, akakatiwa. Akaandika barua mbili kumuuliza habari za mtoto, zikarudi hazijafunguliwa.

Ndipo nikamweleza habari za mashangazi zangu na babu mfupi. Nilimwambia hivi: mzee huyo ukimuuliza hatajibu. Usimuulize. Mkosee.

Bibi alicheka hadi akashika meza. Alicheka kupita kiasi, kusema kweli, tena akiniangalia machoni, lakini nikadhani amefurahia akili yangu.

Tukachagua nakala tano. Bibi harusi nikamrudishia cheo chake: "Mwanajeshi wa bendi." Babu mmoja mdogo, aliyesimama kwa maringo kando ya gari lake jipya, tukamwandika "Dereva wa gari la watu." Kaka mwenyewe alikuwepo, kijana wa miaka kumi na minane ndani ya sare, siku anakwenda vitani Ulaya. Hapo Bibi alisita, halafu akasema, "Andika: mvulana wa skauti." Kisha akatoa picha ya farasi. Alinieleza kwamba huyo farasi kaka yake alimpenda kuliko watu, alipokufa alikaa siku mbili bila kula.

"Tumwandike nini?"

Bibi akafumba macho kama anasali. "Punda wa familia."

Nilicheka nikatokwa machozi. Ikabaki picha ya tano, ya mtoto, na kicheko kikaisha. Bibi alishika penseli akaishikilia juu ya karatasi bila kuandika. "Kama ni dada yangu," alisema, "nitakuwa nimemkana." Nikamwambia aniachie mimi, kama kuna dhambi iwe yangu. Nikaandika: "Binti wa jirani."

Barua niliiandika mimi, kwenye karatasi ya hifadhi, na bahasha ikaenda kwa jina langu ili isirudishwe. Ilikuwa barua ya heshima sana. Nilisema tumepokea picha hizi tano na tunakusudia kuzihifadhi milele pamoja na maelezo yaliyo nyuma. Mstari wa mwisho ndio ninaojivunia hadi leo: "Kama huna pingamizi, usijisumbue kujibu."

Tulipotuma tukasahau kitu kimoja. Nakala ya pili ya farasi ilibaki kwenye trei ya kuingizwa kwenye kompyuta. Mkuu wa hifadhi akaikuta. Alisimama karibu yangu na ile picha kwa vidole viwili, glavu mkononi, farasi mrembo kabisa upande mmoja na "Punda wa familia" upande wa pili kwa mwandiko wangu.

"Hii," alisema taratibu, "ni tofauti."

Haki ya Mungu nilitamani sakafu inimeze. Mimi, mkaguzi wa lebo! Nikamweleza yote, kopo, kaka, dada asiye na jina. Alisikiliza. Akavua glavu, akafuta kwa ufutio kila herufi ya punda, akapuliza vumbi, akasema kwamba katika miaka yake yote ya maktaba hajawahi kuona upuuzi wa namna ile na kwamba huyo kaka akijibu, yeye apewe nafasi ya kusikiliza.

Wiki mbili zikapita. Tatu. Theluji ikageuka tope, Bibi akawa anakuja anaangalia simu ya mezani kuliko anavyoangalia picha. Wiki ya nne nikaanza kujilaumu. Labda mzee ametazama akacheka, akatupa. Labda haoni vizuri. Na mwezi wa sita ulikuwa unakuja. Bibi alianza kusema kwamba basi, ataandika tu "mtoto", inatosha, na kila aliposema inatosha nilijua haitoshi.

Jumamosi ya tano simu ikalia saa nne asubuhi. Mkuu wa hifadhi akaipokea, akasema jina la hifadhi, kisha akaisogeza mbali na sikio lake. Nilikuwa upande wa pili wa chumba na nilisikia kila neno.

"PUNDA?"

Bibi akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mkuu wa hifadhi, kwa ule upole wake, akabonyeza kitufe cha spika, akaniashiria nisogee.

"Shikamoo mzee" ndiyo ilinijia mdomoni kwanza, kwa woga, nikaimeza. Nikamsalimia kwa Kiingereza na kumwambia mimi ndiye niliyeandika barua. Akaniuliza nimesomea wapi. Akaniuliza kama huko nilikotoka hakuna farasi. Kisha akaanza, na nikashika penseli. Farasi peke yake alichukua dakika ishirini, na mama yake farasi, na mtu aliyetaka kumnunua akafukuzwa. Dereva wa gari la watu, nikaambiwa, alikuwa na madereva wawili yeye mwenyewe, na aliwapanga kwa zamu. Mvulana wa skauti alikuwa ametua Ufaransa na kurudi na chuma kwenye goti, na chuma hicho kipo hadi sasa, kama ninataka nikakiguse. Mwanajeshi wa bendi ni bibi yake mzaa mama, na mtu aliyemwita mwanamume akafanyiwe maombi. Nilikuwa nikiitikia tu, ndiyo mzee, samahani mzee, naandika mzee. Bibi mabega yalikuwa yanatikisika, machozi yanamtoka kwa kicheko.

Halafu tukasikia karatasi ikigeuzwa.

"Na hii ya tano," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Hii mliyoandika binti wa jirani."

"Ndiyo, mzee."

"Sio binti."

Bibi aliondoa mikono mdomoni.

"Ni mimi," alisema yule mzee. "Siku hizo watoto wote walivaa gauni, wasichana kwa wavulana. Ni mimi, na aliyenishika mkono ni mama yangu."

Mimi na ukaguzi wangu, siwezi kunyamaza. Nikasema, "Samahani mzee, kumbukumbu zetu zinaonyesha mwanamke huyo ni mama wa—"

"Ni mama yangu," alisema. "Yule aliyenizaa waliniulia nikiwa wa kubebwa. Huyu ndiye aliyenichukua. Miaka minne nililala kitandani kwake, mpaka watu wa baba waliponijia. Nyumba ya baba baadaye iliungua na kila kitu. Hiyo ndiyo picha pekee ya mimi nikiwa mtoto, na pekee ya mimi nikiwa naye. Ilikuwa kwenye kopo la biskuti nyumbani kwa bibi yangu. Nilitaka kuichukua siku ya mazishi. Nilitoka nje kuwaaga wageni."

Mkuu wa hifadhi alikuwa anaangalia sakafu. Mimi nilikuwa na aibu hadi masikioni, maana nilikuwa nimemcheka mzee huyu wiki tano nzima, na miaka thelathini alichokuwa analilia si kopo.

Bibi akasogea kwenye simu. "Sikujua," alisema. "Nakuapia sikujua ulikuwa ndani yake."

Nilidhani atakata.

"Nilijua ni wewe," alisema hatimaye. "Hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumwita farasi wangu punda."

Hapo Bibi akalia kweli. Akalia na kucheka kwa pamoja, na kaka yake upande wa pili naye sauti ikakatika, wakaanza kuongea maneno ya kwao ambayo sisi hatukuyajua na hayakutuhusu. Mkuu wa hifadhi akazima spika, akampa kipokeo mkononi, akanivuta kwa kiwiko tukatoka kwenye korido tukasimama kando ya kabati za viatu za wanafunzi wa zamani. Alijifuta macho kwa glavu. Aliniambia hiyo ilikuwa tofauti sana, na kwa mara ya kwanza sikujua alimaanisha nini.

Saa nzima baadaye tulimkuta Bibi amekaa, picha iko magotini.

"Miezi yote hii," aliniambia, "nimemlilia mtoto ambaye yuko Oklahoma anakula nyama choma."

Nikamuuliza kama ana huzuni kwamba dada hakuwepo. Akafikiri. Akasema ana huzuni ya ile miaka thelathini, hiyo ndiyo haina wa kuirudisha. Kisha akachukua penseli yeye mwenyewe, akageuza picha halisi, na kwa mwandiko wa kinesi, wima, akaandika jina la mama yake, na pembeni yake jina la mtoto, na chini: "kaka yangu."

Mwanzoni mwa mwezi wa sita nilimpeleka uwanja wa ndege. Alilipakata kopo kama mtoto mchanga, akamkatalia askari wa ukaguzi asilishike bila glavu. Kunako mlango akanikumbatia, akasema, "Asante, Mkenya." Nikasema, "Bibi, Mtanzania." Akasema, "Uzee huu," akaondoka anacheka. Alikuwa aende wiki mbili. Akakaa. Alimpigia simu mkuu wa hifadhi kwamba wawili hao wamegundua bado wana mambo mengi ya kubishana, na kwa umri wao ni vizuri wabishane wakiwa nyumba moja.

Mwezi wa tisa mkuu wa hifadhi alinikabidhi faili la kadibodi. Alisema Bibi aliliacha kwake kabla ya kusafiri, na amri ilikuwa nipewe baada ya kiangazi, si kabla. Juu yake, kwa mwandiko wima wa kinesi, liliandikwa neno moja: "Mkenya."

Nikalifungua nikiwa nimeshachukia tayari. Ndani kulikuwa na kurasa kumi na moja. Ukurasa wa kwanza ilikuwa ile ramani yangu, Urambo, na reli niliyoichora nyuma ya fomu. Ukurasa wa pili: bibi yangu, cherehani, sare za shule. Wa tatu: babu aliyepeleka asali Tabora kwa baiskeli, siku niliyomfokea Bibi kwamba babu yangu hakuwa mchunga ng'ombe wa Kimasai. Wa nne, mjomba aliyekimbia shule akarudi na mke. Kila nilichobwatuka kwa hasira, Jumamosi baada ya Jumamosi, mwanamke huyu alikwenda nyumbani akakiandika, na tarehe juu. Nikaketi. Kumbe uzee! Uzee gani? Kosa langu la bibi harusi lilipomfungua mdomo, yeye alielewa dawa yake wiki ile ile, akanigeuzia mimi. Ndiyo maana alicheka kupita kiasi nilipomletea mpango wangu kwa majivuno. Mtu aliyeitwa Mojibwe nusu ya maisha yake alijua vizuri sana mtu huitikiaje akiitwa kwa jina la jirani.

Mimi ambaye sina hata kopo. Kwetu picha za wazee zilikuwa mbili, moja ikaliwa na mchwa, nyingine haijulikani iliko. Miaka kumi na miwili Amerika, nimehifadhi babu za watu wa kila taifa, na wangu sikuwahi kuwaandika hata kwenye karatasi ya sokoni.

Nililisoma faili kama mkaguzi, mara mbili. Halikuwa na kosa. Kila jina, kila kijiji, sawasawa na nilivyosema. Isipokuwa mstari wa mwisho kabisa, ukurasa wa kumi na moja: "Cherehani ilikuwa ya babu yake. Bibi yake hakujua kushona."

Damu ikanichemka. Nikachukua penseli nisahihishe. Cherehani ilikuwa ya bibi! Aliipata... nikasimama. Aliipata wapi? Nani alimfundisha? Penseli ikabaki juu ya karatasi, kama ile siku mkono wa Bibi ulivyobaki juu ya mtoto wa gauni jeupe.

Jumapili asubuhi nikampigia mama Tabora. Kule ilikuwa jioni, katoka kanisani. Mama yangu kwenye simu si mtu wa maneno: salama, mmekula, baridi vipi, haya Mungu akulinde. Nilishamuuliza habari za bibi mara nyingi miaka ya nyuma, akasema tu, "Alikuwa mtu mzuri," tukaishia hapo.

Safari hii sikuuliza. Nikasema, "Mama, nimesikia ile cherehani ilikuwa ya babu, eti bibi alikuwa hajui kushona."

"Wee!" Nilisikia kiti kikivutwa. "Nani kakudanganya? Babu yako? Babu yako alikuwa hawezi hata kutunga uzi! Nani huyo anayesema? Mlete hapa nimwambie! Ile cherehani, sikiliza, ile cherehani mama yangu aliibeba kichwani kutoka stesheni..."

"Subiri mama," nilisema. "Polepole. Naandika."